Waridi la Luther kwenye kompyuta: vijana wanajifunza usanifu na imani kwa pamoja



Wasomaji wetu wapendwa, katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha kazi inayofanywa na vijana wetu katika mradi wa usanifu wa picha kwa kompyuta. Baadhi ya wazee wa sharika wametuuliza, tena kwa haki kabisa, imekuwaje ofisi ya miradi ya Dayosisi, ambayo watu wameizoea kwa visima, ng'ombe wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa, iingie katika mambo ya kuchora maua kwenye kompyuta. Mzee mmoja alituambia waziwazi kwamba anaona ni mchezo wa vijana uliopewa jina la mradi. Makala hii ni jibu letu. Tumeona ni heri tueleze kwa kirefu zoezi moja, lile la kuchora Waridi la Luther, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu tunachofundisha, cha ufundi na cha imani.

Fundi aliyejazwa Roho

Tunapoanza mafunzo hatufungui kompyuta siku ya kwanza. Tunafungua Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, tunasoma habari za Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Mungu alimwita kwa jina lake, akamjaza Roho wake, ili abuni kazi za dhahabu, fedha na shaba, akate vito na kuchonga miti kwa ajili ya hema ya kukutania. Msaidizi wake aliitwa Oholiabu, wa kabila la Dani. Wengi wetu tumezoea kusikia kujazwa Roho kukitajwa kwa nabii au mhubiri. Hapa ametajwa fundi, na kazi yake ni rangi, nyuzi na metali.

Ukienda mbele hadi sura ya 35, mstari wa 34, utakuta jambo ambalo wengi hulipita haraka: wawili hao walipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Kwa hiyo kijana anayejifunza kwetu anajua tangu mwanzo kwamba anatakiwa akirudi usharikani afundishe angalau mwenzake mmoja. Asiyekubali hilo hatumwandikishi.

Andiko la pili tunalolisoma ni Habakuki 2:2, ambapo nabii anaagizwa kuandika maono yake juu ya vibao kwa namna iliyo wazi, hata mtu apigaye mbio aweze kuyasoma. Kwa fundi wa mabango hakuna somo la ufundi linalopita hilo. Tembelea barabara kuu yoyote utazame mabango ya mikutano ya injili: picha sita za wahubiri, aina tano za maandishi, namba nne za simu, na tarehe ya mkutano imefichwa chini kabisa kwa herufi ndogo za njano juu ya nyeupe. Abiria wa daladala anapita kwa sekunde chache tu, na hapo hawezi kuambulia kitu.

Alama ya mwaka 1530

Waridi la Luther liko kwenye mihuri, majoho, kadi na kuta za makanisa mengi ya Kilutheri, nasi tumelizoea kiasi kwamba hatulitazami tena. Ukiwauliza vijana kumi maana ya rangi zake, mmoja au wawili watajibu, na mara nyingi watabahatisha.

Historia yake ni hii. Mwaka 1530 wakuu wa Ujerumani walikutana na Kaisari katika mji wa Augsburg, na tarehe 25 Juni Ungamo la Augsburg likasomwa mbele yake. Luther hakuweza kuhudhuria kwa sababu alikuwa amepigwa marufuku na dola, basi alikaa katika ngome ya Coburg miezi kadhaa akisubiri habari. Wakati huo mwana wa mtawala wa Saxony, Johann Friedrich, aliagiza atengenezewe Luther pete ya muhuri. Lazarus Spengler, katibu wa baraza la mji wa Nürnberg, alimpelekea Luther mchoro kuuliza kama umekaa sawasawa. Luther akamjibu kwa barua ya tarehe 8 Julai 1530, akieleza kila sehemu ya alama hiyo kama muhtasari wa theolojia yake.

Kwa maneno yetu sisi, alieleza hivi. Katikati kuna msalaba mweusi ndani ya moyo, ili kumkumbusha yeye mwenyewe kwamba imani katika Kristo aliyesulibiwa ndiyo inayookoa. Msalaba ni mweusi kwa sababu unafisha na unaumiza, lakini moyo unaachwa na rangi yake ya asili, maana msalaba hauharibu asili ya mtu bali humhifadhi awe hai. Moyo umewekwa katikati ya waridi jeupe, kuonyesha kwamba imani huleta furaha, faraja na amani; na ni jeupe, si jekundu, kwa kuwa amani hiyo si ile itolewayo na ulimwengu. Waridi limewekwa juu ya uwanja wa rangi ya mbingu, kwa sababu furaha hiyo ni mwanzo wa furaha ya mbinguni ijayo. Kuzunguka yote kuna pete ya dhahabu, ambayo haina mwanzo wala mwisho, nayo ni ya madini yenye thamani kuliko mengine.

Tunaomba msomaji aone jinsi maelezo hayo yalivyo ya kifundi. Luther anataja rangi, anasema kwa nini iwe hii na isiwe ile, na anasema kipi kikae ndani ya kipi. Leo tungeiita barua hiyo maelekezo kwa msanifu. Mara nyingi kazi huharibika kwa sababu mteja, hata akiwa kamati ya usharika, anasema tu "tutengenezee kitu kizuri". Luther hakusema hivyo.

Kuchora petali moja

Sasa tuingie kwenye kompyuta. Tunatumia Inkscape, programu iliyoanza mwaka 2003 ambayo hutolewa bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta zilizokwisha zeeka kidogo. Kwa kurekebisha picha za kamera tunatumia GIMP, na kwa kupanga kurasa za vipeperushi tunatumia Scribus. Nazo ni za bure. Tumeamua hivyo kwa sababu ya fedha, lakini pia kwa sababu ya amri ya saba. Programu ghali zilizovunjwa kufuli zimeenea mitaani na huuzwa kwa bei ya soda, na kijana anayejifunza kutengeneza bango la Neno la Mungu kwa kifaa cha wizi anajifunza mambo mawili yanayopingana. Zaidi ya hayo, programu hizo mara nyingi huja na virusi.

Mwanafunzi huanza na petali. Waridi lina petali tano, na mwanzoni karibu kila mmoja hujaribu kuzichora zote tano kwa mkono. Matokeo yake ni ua lililovimba upande mmoja. Tunamfundisha achore petali moja vizuri, kisha ainakili na kuizungusha. Duara lina digrii 360, ukigawa kwa tano unapata 72, kwa hiyo kila nakala inazungushwa digrii 72 kutoka ile iliyotangulia. Moyo nao huchorwa nusu, kisha nusu hiyo inageuzwa kama kwenye kioo. Pete ni duara mbili, ndogo ikikatwa ndani ya kubwa. Kijana aliyeshindwa hesabu za pembe darasani huzielewa hapa, na tumeliona hilo zaidi ya mara moja.

Kati ya petali huonekana ncha tano za kijani, yale majani madogo yanayoshika ua. Hapo huzuka swali: yana maana gani? Jibu ni kwamba katika barua ile Luther hakuyataja. Wengine hutunga maana papo hapo, kwamba ni uhai, ni tumaini, ni kazi ya Uumbaji. Tunawaambia waiache. Msanifu anaruhusiwa kuweka jani kwa sababu tu waridi lina jani, na mwalimu wa Kipaimara asiongeze katekisimu kwa kutazama picha.

Msalaba uliopotea kwenye fotokopi

Jambo lililotufundisha zaidi limetoka kwenye mashine ya fotokopi. Matangazo na ratiba za ibada katika sharika zetu nyingi hutolewa kwa wino mweusi tu. Ukichukua Waridi lenye rangi ukalipitisha humo, moyo mwekundu hugeuka kijivu kizito, na msalaba mweusi ulio ndani yake unamezwa. Linabaki ua lenye doa jeusi katikati. Yaani kitu ambacho Luther alikiweka kiwe cha kwanza kuonekana ndicho kinachopotea kwanza, kwenye karatasi ileile ambayo washarika wengi wanaishika kila Jumapili.

Vijana walipoambiwa watafute dawa, walibishana karibu mchana mzima. Kundi moja lilitaka kuuzungushia msalaba mstari mwembamba mweupe. Kundi la pili lilitaka moyo upauke, uwe wa waridi hafifu, ili msalaba uonekane. Msichana mmoja wa kundi la kwanza akauliza: kama Luther alisema moyo ubaki na rangi yake ya asili, sisi tuna ruhusa gani ya kuupausha? Moyo uliopauka si moyo wa mtu aliye hai. Wenzake wakamjibu kwamba basi hata mstari mweupe haumo kwenye barua, na unautenga msalaba na moyo, wakati maana yenyewe ni kwamba vinagusana na panauma.

Hatukuwa tumepanga kufundisha theolojia ya msalaba siku hiyo. Ilijileta yenyewe, na ikaingia kuliko ambavyo ingeingia kwa hotuba.

Suluhisho lilipatikana kwa kurudi nyuma kwenye historia. Kabla ya pete ile, tayari mwaka 1524 alama ya waridi ilichapwa katika sehemu ya tafsiri ya Agano la Kale, pamoja na alama ya mwanakondoo mwenye bendera, ili wasomaji watambue kwamba kitabu kile kimepitia mikononi mwa Luther. Wachapaji wengine walikuwa wakivichapa vitabu vyake kiholela na kuviharibu. Alama hiyo ilichongwa kwenye ubao na kuchapwa kwa wino mweusi peke yake, kwa mistari mitupu. Kwa hiyo waridi lisilo na rangi lilitangulia kuchapwa. Vijana wakachora toleo la pili: moyo ni mstari wa nje tu na ndani ni mweupe, msalaba ni mweusi, petali ni mistari. Hilo linapita kwenye fotokopi yoyote, hata ile iliyochoka.

Tangu hapo tumeweka utaratibu kwamba kila alama inayotengenezwa kwetu, iwe ya kwaya, ya kikundi cha akina mama au ya mradi wa maji, ichorwe kwanza kwa rangi moja. Ikisomeka kwa rangi moja, ndipo tunaongeza nyingine.

Rangi za kioo na rangi za wino

Rangi nazo zina visa vyake. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa kuchanganya mwanga wa aina tatu: nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna rangi ambazo mwanga unaweza kuzitoa na wino hauwezi. Bluu inayong'aa kwenye kioo ndiyo msumbufu mkubwa. Ukiipeleka kwenye karatasi bila kuirekebisha, mara nyingi hutoka ikielekea zambarau. Katika Waridi la Luther hilo si dogo. Uwanja unaopaswa kuwa mbingu unakuwa na rangi tunayoitumia majira ya Adventi na Kwaresima, na mshirika anayezijua rangi za kanisa atajiuliza ni majira gani hayo. Dawa ni kupunguza majenta kwenye bluu hiyo na kuchapa karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa elfu.

Dhahabu haimo kabisa katika wino hizo nne. Kinachotoka ni njano iliyochafuka. Dhahabu ya kweli inahitaji wino maalumu wa metali, nao unaongeza gharama. Ushauri wetu ni kutumia njano safi bila aibu.

Kuhusu ukubwa, wengi huchukua alama kutoka kwenye intaneti na kuipeleka moja kwa moja kwa mchapaji. Tupige hesabu. Picha yenye upana wa pikseli 300, ikichapwa kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa inchi, inatosha inchi moja tu, yaani sentimita 2.54. Picha hiyohiyo ikitanuliwa kwenye bango la mita 3, kila pikseli inakuwa mraba wa sentimita moja, na waridi linaonekana kama limejengwa kwa matofali. Ukurasa wa A4 unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Ila mchoro uliotengenezwa kwa mistari ya vekta, kama tunavyofanya kwenye Inkscape, hauna shida hiyo. Kompyuta inakumbuka umbo, haikumbuki nukta, kwa hiyo unaweza kuutanua uenee ukuta wa kanisa au kuupunguza utoshe kwenye kalamu.

Fulana ni habari nyingine tena. Katika uchapaji wa skrini kila rangi huhitaji skrini yake. Waridi kamili lina nyeusi, nyekundu, nyeupe, bluu, dhahabu na kijani. Hata ukitumia fulana nyeupe ili nyeupe iwe kitambaa chenyewe, bado ni skrini tano. Kwaya ya watu ishirini italipia skrini tano kwa fulana ishirini, wakati toleo la rangi moja lingehitaji skrini moja.

Picha inaweza kuumiza

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba tunashughulika na uzuri tu. Kuna upande mwingine, nao ndio uliotufanya tuuweke mradi huu chini ya ofisi ya maendeleo.

Mwezi Septemba 1522 Luther alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani, karakana ya mchoraji Lucas Cranach ilichora picha 21 za Kitabu cha Ufunuo. Katika mojawapo, yule mwanamke wa Babeli alivalishwa taji la ngazi tatu la Papa. Kulikuwa na malalamiko makali, na katika toleo la Desemba mwaka huohuo taji hilo lilipunguzwa likawa la kawaida. Maandiko hayakubadilika, kilichowakasirisha watu ni kofia ndani ya picha. Na tuseme kweli, sisi Walutheri tuliorithi Biblia ile tumerithi pia mchoro ule, na ndugu zetu Wakatoliki wana haki ya kutukumbusha.

Kwetu Afrika Mashariki tunakumbuka mabango ya UKIMWI ya miaka ya 1980 na 1990: mafuvu, majeneza, mtu aliyebaki mifupa. Waliyoyachora walikusudia kuokoa maisha. Lakini mgonjwa aliyelala nyumbani aliliona fuvu lile akajua ndivyo jirani anavyomwona, na wapo waliokataa kupima kwa kuogopa kuitwa fuvu. Unyanyapaa tunaopambana nao hadi leo katika sharika ulipata chakula chake pia kutoka kwenye mabango.

Ndiyo maana kijana wetu akipewa kazi ya bango la afya au la yatima, kabla hajachagua rangi anaulizwa: yule anayezungumziwa humu, akilisoma akiwa amekaa kanisani na watoto wake, atajisikiaje? Picha ya mtoto aliyevaa matambara, macho yamejaa inzi, inaweza kuleta mchango. Mtoto huyo atakua. Atakwenda sekondari, na wenzake wataikuta picha hiyo. Hatuipigi, na wafadhili wakituomba tunawaandikia kwa heshima kuwaeleza sababu. Sheria nayo iko upande huu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia picha inayomtambulisha mtu. Kwa hiyo kwa kila picha tunataka ridhaa iliyoandikwa, na kwa mtoto ridhaa ya mzazi au mlezi, ikieleza picha itatumika wapi na kwa muda gani. Ridhaa ya kusema "si nimekuona ukitabasamu" hatuitambui.

Picha ya mtu mwingine iliyoko kwenye intaneti nayo haiwi mali ya kanisa kwa kuwa tumeiona. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Umbo la waridi la mwaka 1530 ni la wote, lakini mchoro wa hivi karibuni wa waridi hilo, uliochorwa na mtu kwa jasho lake, una mwenyewe. Hiyo ni sababu nyingine ya vijana kujichorea.

Yesu wa sura gani?

Swali hili huja kila msimu, na huja na joto. Katika nyumba nyingi kuna picha ya Yesu mwenye nywele ndefu laini na ngozi nyeupe, akitazama kando. Picha hiyo ilichorwa na Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940, na imechapwa nakala zaidi ya milioni 500. Wako waliosali mbele yake katika magonjwa na vifo, na hatuwataki vijana waidharau. Lakini tunawataka wajue ilikotoka, kwamba ina mchoraji na ina mwaka, wala si picha ya pasi.

Tunawaonyesha pia kazi nyingine. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha kubwa ukutani katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Humo Kristo anazaliwa na kusulibiwa katika mazingira ya Wakikuyu wenyewe. Kaskazini mwa Kamerun, tangu mwaka 1973, jumuiya za Wakristo wa kabila la Mafa pamoja na mmisionari wa Kifaransa François Vidil waliandaa picha za Injili ambamo Yesu na wanafunzi wake ni watu wa vijiji vile. Kwanza wanakijiji waliigiza visa vya Injili, kisha picha zikachorwa kufuatana na maigizo hayo. Njia hiyo tumeijaribu na vijana: kabla ya kuchora Msamaria Mwema, waigize. Anayelala chini akijifanya amepigwa hugundua kwamba kutoka pale chini huoni nyuso za wapitao, unaona miguu. Kijana mmoja alichora bango lenye jozi mbili za viatu vinavyoondoka na jozi moja ya ndala iliyosimama. Hatukumwongezea neno.

Wengine huuliza kama michoro hii yote haivunji katazo la Kutoka 20. Luther alilijibu jambo hili Machi 1522, aliporudi Wittenberg akakuta watu wamechochewa kuvunja sanamu makanisani, akahubiri siku nane mfululizo. Msimamo wake ulikuwa kwamba picha yenyewe ni kitu cha hiari, si ya lazima wala si haramu. Ubaya uko katika kuiabudu, na moyo hausafishwi kwa shoka. Lakini tunasoma pia 2 Wafalme 18:4. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe, akaponya watu, na miaka mingi baadaye mfalme Hezekia akamvunja kwa kuwa watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Kitu kilichoanza vizuri kinaweza kuhitaji kuvunjwa. Msanifu asiipende kazi yake kupita kiasi.

Sasa limekuja jambo la akili mnemba. Kijana anaandika sentensi moja kwenye simu na picha inatoka. Mitambo hiyo imefunzwa kwa picha zilizojaa kwenye intaneti, kwa hiyo ukiomba Yesu, mara nyingi unarudishiwa yuleyule wa nywele laini. Na ukiomba kijiji cha Afrika unaletewa umaskini wa kubuni. Kwa michoro ya kutafuta wazo tumewaruhusu. Ila kuna mpaka ambao hatutauvuka: picha ya mtu asiyekuwapo isiwekwe kamwe kwenye taarifa ya mradi kana kwamba ni mnufaika. Mama aliyechota maji kwenye kisima chetu yupo, ana jina, na anaweza kutuambia hapana. Tukimweka badala yake mama wa kutengenezwa na mashine, mfadhili amedanganywa, na mama mwenyewe ameondolewa kwenye kisima chake.

Maandalizi ya Siku ya Matengenezo

Kwa sharika zinazotaka mabango, fulana au vipeperushi kwa ajili ya Siku ya Matengenezo ya Kanisa, tarehe 31 Oktoba, tunaomba maombi yafike ofisini kabla ya mwisho wa Agosti. Kila ombi lieleze kazi itasomwa wapi, na nani, na akiwa umbali gani. Maneno ya bango yasizidi kumi na mawili, tarehe na mahali vikiwamo. Waridi la Luther lililochorwa na vijana, toleo la rangi zote na toleo la rangi moja, linatolewa bure kwa usharika wowote. Mchungaji au Mwinjilisti amtume mtu na flashi, nayo iwe imesafishwa virusi kwanza. Mwaka 2030 barua ile ya Coburg itatimiza miaka 500, na tungependa kufikia hapo kila jimbo liwe na kijana mmoja anayeweza kulichora mwenyewe. Nafasi za mafunzo ya msimu ujao ni chache, na wasichana wanahimizwa kuomba. Barua ya Mchungaji inatosha. Vyeti vya kompyuta havihitajiki.